Mwaka wa Ukurasa wa Kwanza

Rukia alinipigia simu Ijumaa asubuhi kuniambia kwamba kakake, Swaleh, amefariki, na kwamba atazikwa baada ya sala, kwa hivyo nisijisumbue kukimbia, ila nije hitimani Jumapili. Nilikwenda. Nilikaa na wanawake katika chumba cha ndani cha nyumba yao ya Kuze, mguu mmoja umeniingia ganzi, sinia la pilau mbele yetu, na walionijua wakinisogezea minofu upande wangu kama afanyiwavyo mgeni. Sisi Wakristo tuliozeekea Mombasa twajua kukaa hitimani. Twajua pa kunyamaza na pa kuitikia. Nilichoshindwa siku hiyo ni kulia. Wenzangu walimlilia mtu mpole aliyeuza leso Barabara ya Biashara maisha yake yote na asimpandishie mteja sauti hata siku moja. Mimi nilikuwa na hasira naye, hasira ya zamani, na hasira kubwa zaidi na mtu mwingine aliyemtangulia kaburini. Tulipokwisha kunawa, Rukia alinishika mkono akanitoa ukumbini.

"Da Sidi," alisema, "wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika pamoja naye. Wanawe waniuliza. Wamesikia wazee wakisema baba yao alikuwa na mkono wa kuandika kuliko wenzake wote. Hayo maandishi yako wapi, tuwawekee?"

Nilimwambia sijui. Nilijua. Hayakupotea, wala hayakuibwa, wala hayakuliwa na mchwa. Yaliraruliwa na mwenyewe, kidogo kidogo, katika mwaka mmoja ambao mimi niliushuhudia, na baada ya mwaka huo hakukuwa na kitu tena cha kuraruliwa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Kwetu ni Kaloleni, na hilo latosha, habari za kwetu si za hapa. Nilikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, nikipiga taipu kutwa nzima, na nilikuwa nimepanga chumba Buxton, kwenye nyumba za manispaa, kwa mama wa Kitaita aitwaye Mama Mghoi, mpishi wa shule moja ya Tononoka. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ambayo mguu wake mmoja ulikalia kipande cha tofali, dirisha lililotazama kamba za nguo za jirani, na ukuta mwembamba uliopitisha kila alichosema Mama Mghoi na kila alichokaanga. Kila Jumamosi alasiri nilijitanda leso, nikakata Tononoka na Makadara kwa miguu, nikaingia Mji wa Kale hadi Kibokoni kwa Maalim Twahiri. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilitaka kuandika riwaya, na nilimwamini kila aliyeniambia kwamba mtu wa asili yangu hawezi kuandika Kiswahili mpaka kwanza kioshwe na wenyewe.

Maalim Twahiri alikuwa mzee mwembamba ambaye kanzu yake haikuonekana kuwahi kukaliwa. Watu wa redio walimfuata kumwuliza maana za maneno. Alitupokea orofani, katika sebule yenye mazulia na harufu ya udi, na kahawa ilipokuwa tayari mkewe, ambaye hatukuwahi kumwona, aligonga mlango wa ndani mara moja tu, naye Maalim akainuka kuipokea. Kampuni ya vitabu kutoka Nairobi ilikuwa imemwomba awatafutie vijana wa pwani wenye riwaya, na atakayekuwa na mswada kamili mwisho wa mwaka Maalim angeupeleka kwa dhamana ya jina lake. Tulianza watu saba. Kufikia mwezi wa tatu tulibaki wawili, mimi na Swaleh, kijana wa Kuze mwenye umri wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa akija moja kwa moja kutoka dukani na nyuzi za leso zimemganda shatini.

Njia ya Maalim ya kufundisha ilikuwa moja. Ulimpa karatasi zako, akasoma kwa sauti hadi alipokuta kosa. Hapo alinyamaza, akakurudishia. Hakuendelea mbele hata neno moja.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisoma siku ya kwanza niliyompa changu. Akainua macho. "Ilikuwa inanyesha. Hiki ni Kiswahili cha wapi, binti?"

"Ndivyo tusemavyo, Maalim."

"Nyinyi nani?"

Nilinyoosha mkono kupokea karatasi zangu.

"Mvua ikinyesha. Basi. Nenda kaandike."

Juma lililofuata mvua ikanyesha vizuri, akaivuka, akafika sentensi ya pili ambapo maji yalikuwa yamekwisha kwenye mtungi. "Mtungini," alisema, akanirudishia. Juma la tatu alinikuta na kosa sentensi ya nne, la nne akanirudisha tena sentensi ya kwanza kwa sababu alikuwa amefikiri akaona hata mvua yenyewe haina kazi pale. Siku moja alisoma, akazikunja karatasi zangu mara mbili, akasema, "Hizi zipeleke Kibarani," na mgeni aliyekuwapo akacheka, maana wakati ule Kibarani ndipo palipotupwa taka za mji mzima. Mimi pia nilicheka. Leo ndicho kinachonichoma zaidi, kicheko changu mwenyewe, cha msichana aliyedhani akicheka vizuri atahesabiwa kuwa mmoja wao.

Afisini nilipiga taipu kurasa nzima za hati za shehena bila ya kukosea herufi. Nikirudi chumbani na kuketi mbele ya karatasi nyeupe, viganja vililowa hadi kalamu ikateleza. Niliandika sentensi, nikaisikia ikisomwa kwa sauti yake, nikaikata. Niliandika nyingine. Niliinuka kuangalia kama mlango umefungwa, nikaketi, nikaona mwandiko wenyewe umepinda, nikachana, nikaanza upya ili angalau mwandiko uwe mzuri. Hadithi yote nilikuwa nayo kichwani: mjane wa kwetu ambaye shemeji zake walitaka kumnyang'anya minazi ya marehemu mumewe. Nilijua alichosema, nilijua alichomjibu shemeji mdogo, nilijua hata kilichopikwa siku ya kesi. Kufikia Idi ya kuchinja mjane wangu alikuwa bado amesimama mlangoni katika ukurasa wa kwanza, akingoja nimpatie kitenzi.

"Sidi," aliniita Mama Mghoi kupitia ukutani, "hizi karatasi unazinunua kwa ajili ya jiko langu?" Alikuwa akiziokota pipani kuwashia makaa. "Si kwamba nakataa. Zinashika moto vizuri."

Swaleh hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, ingawa haikuonekana hivyo, kwa sababu yeye alisifiwa. Nakumbuka sentensi yake moja juu ya baba anayemfundisha mwanawe kufunga kilemba. Siiandiki hapa kwa kuwa siikumbuki neno kwa neno na singependa kuiharibu. Maalim aliisoma mara mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa yeyote. Akavuta tasbihi yake, kisha akasema: "Hii ni sentensi. Sasa zote ziwe hivi." Nilimwona Swaleh akifurahi, halafu nikaona furaha ikimtoka usoni pale pale. Juma lililofuata alileta sentensi ile ile, haina nyenziwe. Aliniambia tulipokuwa tukishuka ngazi kwamba alikuwa ameandika nyingine nyingi na zote zilikuwa na aibu kukaa karibu na hiyo. Mimi nilidharauliwa, yeye akaheshimiwa, na siku hizi naona kwamba dharau ilikuwa na afadhali yake. Aliyekwisha ambiwa hawezi hana cha kulinda.

Mwezi wa saba nilifika mapema Jumamosi moja. Mlango wa chini ulikuwa wazi, nikapanda ngazi polepole nikitafuta pumzi, na kabla ya kufika juu nikamsikia mgeni wake wa siku zote, mzee wa mtaani, akiuliza kama yule msichana wa Kigiriama yuwaja bado.

"Yuwaja," alisema Maalim. "Namwacha aje. Nani mwengine atanipigia taipu asitake kitu?"

"Na kuandika je?"

"Ah. Ataandika nini yule? Tegemeo langu ni Swaleh."

"Riwaya yake imefika wapi?"

"Yuko mlangoni. Simwachi aingie mpaka miguu iwe safi."

Walicheka kidogo, kwa upole, kama watu wanaozungumza habari za watoto. Nilisimama pale nimeshika ukuta. Ni kweli, tangu Januari nilikuwa nikimpigia taipu utangulizi wa kitabu chake juu ya lugha, afisini, saa za chakula cha mchana. Nilikuwa nimeupiga mara tatu. Kila mara alibadilisha maneno machache, akaniletea tena, na hakuna siku aliyoniletea sura ya kwanza, kwa sababu sura ya kwanza haikuwapo. Sikuwa nimelifikiria hilo hadi nilipokuwa ngazini. Nilimalizia kupanda, nikasema "Masalkheri, Maalim," akaitika vizuri, akanipa karatasi za kupiga taipu mara ya nne. Nilizipokea. Jumatatu nilizipiga. Watu wakisimulia maisha yao hupenda kusema kwamba baada ya siku kama hiyo waliondoka wasigeuke nyuma. Mimi niligeuka nyuma Jumamosi nyingi, kwa kuwa sikuwa na mlango mwingine niliojua.

Lakini jioni ile nilirudi Buxton sitaki kula. Mama Mghoi alikuwa amepika sima na mchicha wa nazi, na alikuwa na hasira zake kwa sababu redio yake ilikuwa imeharibika na mchezo wa kuigiza aliofuatilia ulikuwa ukimpita. Aliniuliza nina nini. Nilimwambia kuandika kumenishinda.

"Kuandika nini?"

"Hadithi."

"Ya nani?"

Nikamweleza kwa uvivu kwamba ni ya mjane mmoja wa Kaloleni na minazi yake. Akasema, "Halafu?" Nikamwambia shemeji zake walikuja na mzee wa mtaa. "Halafu?" Mjane akawapikia, wakala, wakashiba, ndipo akawaambia hatoki. "Hapo alifanya vibaya. Mimi singewapikia. Halafu?" Nilikula sima yote bila ya kujua nakula. Nilisimulia nikiwa na tonge mkononi, nikichanganya Kigiriama na Kiswahili, nikirudi nyuma pale niliposahau kitu, nikisema "ngoja, kabla ya hapo," na mvua ilikuwa inanyesha kwenye mtungi na kila mahali. Miezi saba nilikuwa nimesomewa sentensi zangu na mtu mwenye elimu, na si mara moja aliniuliza yule mwanamke alifanya nini baadaye.

Mama Mghoi hakuwa mtu wa hekima, nisije nikamsingizia. Alitaka mjane aolewe na mwenye lori. Yeye alimpenda shemeji mdogo kwa sababu nilikosea nikasema ana sura nzuri, basi akawa ananilazimisha nimrudishe kila mara. Akichoka alisinzia huku mimi nasema. Alichotaka ni mchezo wa redio usio na redio, na nilimpa kila jioni wakati anachambua mchele wa kesho, na alfajiri, kabla ya kwenda kazini, niliandika kile nilichokuwa nimekisema, hivyo hivyo, makosa na yote. Nilijiwekea sharti la kutosoma nyuma. Karatasi iliyojaa niliisukuma chini ya godoro. Hofu haikuniacha, viganja vililowa vile vile, na asubuhi nyingine nilitapika chai. Ila nilikuwa na mtu ambaye jioni angeuliza ilikuwaje, na aibu ya kurudi kwake mikono mitupu ilikuwa nyepesi kuliko ile ya Kibokoni. Mwezi wa tisa mjane alikuwa mahakamani. Nilichokuwa nikiandika kilikuwa kibaya, nilijua ni kibaya, na nilikiandika.

Nilimwambia Swaleh. Nilimfuata dukani saa ya chakula, tukaketi nyuma ya marobota ya leso na viazi vya karai kwenye gazeti, nikamwambia anihadithie riwaya yake kwa mdomo. Alikataa, kisha akaanza. Ilikuwa habari ya fundi wa vilemba na mwanawe aliyekwenda Uarabuni akarudi hamtambui baba. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na vingine nimeviandika mimi, na sijasikia kitu kama kile nilichosikia nyuma ya marobota. Mwenye duka alimwita mara mbili, hakusikia.

"Andika hivyo hivyo ulivyosema," nilimwambia.

"Itakuwa mbaya."

"Iwe mbaya. Utaitengeneza ikishakuwa nzima."

"Na mtu akiiona kabla?"

"Usimwonyeshe mtu."

Aliandika. Mwezi wa kumi alikuja na kurasa kumi na mbili, uso umemng'aa, haongei mambo mengine. Nilimwomba asizipeleke Kibokoni. Akasema hawezi kumficha Maalim, ni kama kumwibia. Jumamosi ile nilikuwapo. Maalim alisoma mistari michache, safari hii kimyakimya, akaziweka karatasi zulieni, akamtazama Swaleh, kisha akanitazama mimi.

"Hii," alisema, "ni kazi ya Sidi."

Mkewe aligonga mlango, Maalim akainuka kupokea kahawa, akatumiminia sote watatu kama kawaida. Swaleh alikunywa yake akaimaliza. Tulipofika chini barabarani alizitoa zile kurasa akazichana katikati, akazipanga, akazichana tena, bila ya haraka, vile alivyokuwa akikunja leso. Nilimshika mkono. Akautoa.

"Umenifundisha uzembe, Sidi," aliniambia. "Nilikuwa karibu."

Karibu na nini, nilitaka kumwuliza. Sikuwahi kumwuliza, na sasa amekwenda nalo.

Mwezi wa kumi na mbili nilimpelekea Maalim mswada wangu, kurasa mia mbili na kitu nilizozipiga taipu mwenyewe. Aliupima uzito kwa mkono. Alisoma mstari wa kwanza, ambao ulikuwa na mvua yangu vile ilivyonijia, akaufunga.

"Umeharakisha."

"Nakuomba usome ukurasa wa pili, Maalim."

"Ukurasa wa kwanza ukiwa umeoza, wa pili nausomea nini?"

"Kujua kilichotokea."

Alinitazama kama nimesema kitu cha kitoto, akanirudishia. Sikulia, wala sikumjibu vibaya. Nilimwachia na zile karatasi zake za utangulizi, sijazipiga, nikashuka. Nilipata anwani ya wachapishaji na mswada nikautuma mwenyewe. Baada ya miezi mingi walinirudishia, wamekataa, pamoja na kurasa mbili za maelezo ya mtu aliyekuwa ameusoma wote hadi mwisho na akachukizwa na mambo mengi kwa mpangilio. Nilikaa kitandani nikazisoma kurasa hizo mbili kwa furaha ambayo Mama Mghoi hakuielewa. Niliandika upya, mara mbili, na ikachukua miaka. Kitabu kilitoka chembamba, kikasomwa kidogo. Nimeandika vingine baadaye. Si vizuri sana, na sisemi hivyo ili nikanushwe. Vipo vya kati, kimoja kina sura mbili nzuri. Maalim Twahiri alipokufa barabara zilijaa watu, magazeti yalimwita bahari ya lugha, na kitabu chake hakikuonekana. Wanafunzi wake, wengine wakiwa hawakuvumilia kwake hata miezi miwili, walisimama kusifu ukali wake. Walisema hakuacha kosa lipite. Ni kweli, halikupita kosa, na Swaleh pia hakupita.

Siku niliyotoka posta, siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule, nilipitia dukani. Swaleh alikuwa akimkunjulia mama mmoja leso juu ya leso. Nilingoja. Mama alipojitenga kufikiri, Swaleh akanijia.

"Wasemaje, Sidi?"

"Salama. Nimemaliza. Sasa hivi natoka kuituma."

Alikunja leso moja, akailaza juu ya nyingine, akaipangusa kwa kiganja.

"Ni nzuri?"

"Hapana. Labda itakuwa, nikiirudia."

"Na umeituma hivyo, watu waisome?"

"Hivyo hivyo."

Alinitazama kwa huruma. Miaka mingi nimejaribu kuiita kitu kingine, wivu, au fahari ya watu wa mjini, lakini ilikuwa huruma, ya mtu mwenye moyo mwema anayemwona mwenzake ametoka nje bila ya nguo. "Mimi singeweza," alisema. "Singelala."

Nilimwambia mimi pia silali. Alitabasamu, hakuniamini. Yule mama aliuliza bei ya leso nyekundu, naye akageuka kumjibu, kisha akaniambia nimngoje, wanafunga karibuni, twende tukale. Nilimngoja. Tulikula, tukazungumza habari za watu, na habari za kuandika hatukuzitaja tena, si siku hiyo wala miaka yote iliyofuata, hadi Ijumaa aliyozikwa.